Jinsi ya Kuosha na Kutakasa Vyombo vya Kutengenezea Bia Nyumbani: Mwongozo Kamili

Bia yangu ya tatu ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Nilikuwa nimepika lita 20 jikoni kwangu Arusha, kimea cha shayiri na hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu), nikaichachusha wiki mbili, nikaijaza kwenye chupa na kuisubiri wiki tatu nyingine. Siku ya kuifungua alikuwepo shemeji yangu. Alipiga funda moja, akaiweka glasi mezani taratibu, akaniuliza, "Shemeji, humu ulitia ndimu?" Sikuwa nimetia ndimu. Chupa zote 38 zilikuwa hivyo hivyo: kali mdomoni, zina harufu ya maziwa yaliyolala, na shingoni mwa kila chupa, pale bia inapokutana na hewa, kulikuwa na mkanda mwembamba mweupe.

Iliniuma, maana ndoo nilikuwa nimeiosha, na dawa ya kutakasa nilikuwa nimeipima vizuri. Jioni ile nikaanza kufungua kila kitu, kimoja baada ya kingine. Nilipofika kwenye koki ya plastiki iliyo chini ya ndoo, niliizungusha, nikakivuta kile kishikio cha katikati. Kumbe kinatoka! Kati ya zile plastiki mbili kulikuwa na utelezi wa kahawia, mzito kama uji uliogandia mwiko, unanuka kama ndizi iliyooza. Bia zote tatu zilikuwa zimepita hapo. Za kwanza mbili ndizo zilizoacha uchafu, ya tatu ikalipa.

Ninayoandika hapa ndiyo namna ninavyoosha tangu siku hiyo. Sheria za kutengeneza pombe nyumbani hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo hakikisha kwanza unaruhusiwa unapoishi.

Kuosha ni kazi moja, kutakasa ni nyingine

Kuosha ni kuondoa uchafu: sukari ya kimea, protini, utomvu wa hopsi, mashapo ya hamira. Kutakasa ni kupunguza vijidudu vilivyobaki hadi viwe vichache kiasi kwamba hamira uliyoitia itavizidi nguvu. Neno hili tumelizoea tangu 2020 kwa vile vitakasa mikono vilivyowekwa kila mlangoni. Kumbuka walivyotuambia: mkono wenye tope huuoshi kwa kitakasa, unaanza na maji na sabuni. Na hapa ni vivyo hivyo. Dawa hutakasa sehemu inayoigusa tu, na uchafu ni blanketi la vijidudu. Vikipata muda hujijengea utando wa ute, kama ule unaousikia kwa ulimi kwenye meno asubuhi kabla hujapiga mswaki, na utando huo dawa haiupenyi kirahisi. Unaondoka kwa kulowekwa na kusuguliwa.

Waliokulia Kilimanjaro huniuliza: mbona mbege haina mambo yote haya? Ni kweli, na sababu ipo. Mbege ya ndizi na kimea cha ulezi hunywewa ndani ya siku chache, na uchachu ni sehemu ya ladha yake. Bakteria wamo kazini pamoja na hamira. Bia ya shayiri na hopsi inakaa wiki mbili ndooni, kisha wiki tatu au zaidi chupani, na kwetu joto la chumba ni nyuzi 22 hadi 30. Vijidudu vichache vilivyopewa wiki tano kwenye joto hilo vitazaana hadi viibadilishe bia yote.

Vijidudu vyenyewe ni vya kawaida sana. Kuna bakteria wa laktobasilasi, jamaa wa wale wanaogandisha mtindi, wanaoleta uchachu. Kuna pediokokasi, wanaoleta uchachu pamoja na harufu ya siagi, na mara nyingine bia inavutika kama mlenda. Asetobakta hugeuza pombe kuwa siki pale hewa inapoingia, na hubebwa na vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu. Halafu kuna hamira mwitu, na hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu zipo aina zinazokula hata sukari ambayo hamira ya bia imeiacha. Gesi inajaa ndani ya chupa hadi chupa inapasuka. Si tatizo la wanaoanza peke yao. Kiwanda cha Carlsberg kule Copenhagen kiliharibikiwa na bia kwa ajili ya hamira mwitu, na ndipo mwaka 1883 Emil Christian Hansen alipofanikiwa kuotesha hamira safi kutokana na chembe moja tu.

Sehemu ya moto na sehemu ya baridi

Usitumie nguvu sawa kila mahali. Chochote kinachogusa maji ya kimea kabla au wakati wa kuchemka kinahitaji kuoshwa tu: sufuria kubwa, mwiko, kitambaa cha kuchujia kimea. Dakika 60 za kuchemka zitamaliza vijidudu vilivyobaki. Lakini moto ukishazimwa na maji yakaanza kupoa, kila kitakachoyagusa lazima kiwe kimeoshwa na kutakaswa: ndoo ya kuchachushia, mfuniko, koki, mpira wa kunyonyea (wa kuhamishia bia), kizibo cha hewa (kinachotoa gesi ya ndoo bila kuingiza hewa ya nje), kipimajoto, kipimo cha sukari, kijiko, mkasi wa kukatia pakiti ya hamira, mkono wako.

Kipindi cha hatari kuliko vyote ni yale masaa kati ya kupoa na hamira kushika kazi. Maji ya kimea yaliyopoa ni matamu, ya uvuguvugu, hayana pombe bado. Kila kijidudu kinachopita hapo kimekaribishwa.

Vitu vya kuoshea

Sabuni ya kawaida ya vyombo inafaa kwa sufuria na kwa uchafu mwepesi. Chagua isiyo na manukato makali, maana plastiki hunyonya harufu, na mabaki ya sabuni huua povu la bia kwenye glasi. Suuza mara tatu.

Kwa uchafu wa bia hasa, magadi soda yamenifaa kuliko sabuni. Nazungumzia ule unga mweupe unaouzwa kwenye maduka ya malighafi za sabuni. Magadi ya mawe tunayopikia maharage, yanayotoka maeneo kama Ziwa Natron na Ziwa Magadi, ni ndugu yake, ila yana udongo na nguvu yake haitabiriki, kwa hiyo yaache kwa maharage. Vijiko viwili vya chakula kwa lita 5 za maji ya moto vinalegeza protini na utomvu wa hopsi bila kusugua sana. Vaa glavu, yanachubua.

Kilicho bora zaidi, ukikipata, ni sodiamu pakaboneti. Ikiingia kwenye maji ya moto huachana na kuwa magadi soda pamoja na haidrojeni peroksaidi, na hiyo peroksaidi hutoa mapovu ya oksijeni yanayoingia mahali brashi haifiki. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, maji ya nyuzi 50 hadi 60, loweka nusu saa. Kwa uchafu uliokauka acha usiku kucha. Changanya ya kutumia siku hiyo tu, kwa sababu baada ya saa chache nguvu ya oksijeni imekwisha. Na usiihifadhi iliyolowa kwenye chupa iliyofungwa. Gesi yake itaipasua. Unga maarufu wa wapishi wa bia, PBW, hufanya kazi kwa njia inayokaribiana na hii.

Kitu cha tatu ni ndimu ya unga. Baada ya miezi kadhaa utaona ndani ya chombo cha stili au chupa kuna ukungu wa kijivu au wa manjano unaokwaruza ukiupitishia kucha. Hayo ni mawe ya bia, chumvi ya kalisi iliyoshikana na protini, na magadi hayayatoi. Osha kwanza kwa magadi soda, suuza, kisha loweka kwa ndimu ya unga, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji ya moto, dakika 30. Hata ule weupe wa chumvi unaoachwa na maji ya kisima unatoka hivyo.

Sasa neno kuhusu sufuria, maana sufuria nyingi za kwetu ni za alumini. Usiiloweke sufuria ya alumini kwenye magadi soda wala pakaboneti: itakuwa nyeusi na kuliwa vishimo. Ioshe kwa sabuni na sponji laini, na ile rangi ya kijivu isiyong'aa iliyoko ndani iache, ndiyo inayoilinda. Mama zetu walitufundisha kung'arisha sufuria kwa jivu na mchanga hadi ujione uso. Nje sawa. Ndani ya sufuria ya bia, hapana.

Kostiki soda siipendekezi kabisa nyumbani. Viwanda huoshea chupa zinazorudi kwa kostiki ya moto, lakini wana mashine na mafunzo. Tone moja jichoni linaweza kukupofusha, na ikikutana na alumini hutoa gesi inayowaka.

Kuosha, hatua kwa hatua

Anza dakika ile ile unapomaliza kutumia chombo. Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko dawa yoyote utakayonunua. Lile duara la povu linalobaki kwenye kuta za ndoo juu ya bia likiwa bado bichi hutoka kwa sponji na maji ya uvuguvugu. Likikauka siku mbili linakuwa kama gundi, nawe utaanza kusugua kwa nguvu, na hapo ndipo ndoo inapochubuka.

Mchubuko wa plastiki si jambo dogo. Mstari mwembamba usioonekana kwa jicho ni handaki kwa bakteria. Kwa hiyo weka kando waya wa kusugulia masufuria na ule upande mgumu wa kijani wa sponji. Tumia upande laini, kitambaa, au mkono mtupu. Ndoo ya kuchachushia isiwekwe vyombo vingine ndani, isikorogewe kwa chuma, isitumike kufulia hata mara moja. Nimewaambia hivyo wote nyumbani, na nimeichora alama.

1. Mwaga mashapo, suuza kwa maji ya uvuguvugu. Maji ya moto sana mwanzoni hupika protini na kuzigandisha, subiri kidogo.

2. Fungua kila kinachofunguka. Koki itoe kwenye ndoo, legeza nati, toa mipira yake miwili, kisha ukivute kile kishikio cha katikati kutoka kwenye mwili wake. Koki nyingi za plastiki huachana ukizitia kwanza kwenye maji ya moto kama dakika mbili na kusukuma kishikio kutokea upande wa chini. Kizibo cha hewa kifungue vipande vyake vyote. Kijiti cha kujazia chupa kina vali na springi kwenye ncha, vitoe.

3. Jaza ndoo maji ya moto yenye magadi soda au pakaboneti hadi juu ya lile duara la povu, tumbukiza vipande vyote humo, loweka nusu saa.

4. Pitisha brashi ndogo kwenye mwili wa koki na tundu lake. Brashi ya kuoshea chuchu za chupa za watoto inatosha kabisa. Kisha pitisha kidole chenye kucha fupi kwenye mfereji wa mpira wa mfuniko, mahali pengine uchafu unapojificha.

5. Suuza hadi uso usiteleze tena vidoleni. Utelezi maana yake magadi bado yapo, na magadi yaliyobaki yataua nguvu ya dawa ya kutakasa ya asidi utakayotia baadaye.

6. Nusa. Weka pua ndani ya ndoo iliyosuuzwa. Harufu ya hopsi iliyofifia ni kawaida kwa plastiki. Harufu ya siki, siagi au soksi si kawaida, rudia kuloweka.

7. Kausha wazi, ndoo kichwa chini lakini imeinuliwa upande mmoja hewa ipite. Usifute kwa taulo.

Mpira wa kunyonyea unahitaji maneno yake. Ndani huuoni, na brashi haipiti. Usukumie maji ya moto mara tu unapomaliza, loweka kwenye pakaboneti huku ukiuinua upande mmoja hewa itoke yote, suuza, kisha uuning'inize juu ya msumari, ncha mbili zikitazama chini, hadi ukauke kabisa. Ukiukunja na kuuweka kabatini ukiwa na tone la maji, utaukuta na madoa meusi. Mpira wenye madoa au uliopoteza uangavu tupa. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, na umeshikilia lita 20.

Chupa

Zile chupa za kahawia za nusu lita zinazorudishwa ni bora mno kwa kazi hii: kioo kinene, kimetengenezwa kuoshwa na kutumika tena, rangi yake inazuia mwanga usiiharibu hopsi. Chupa zenye skrubu mdomoni hazishiki kizibo cha kugonga vizuri, ziache.

Ila ujue chupa ilikotoka. Chupa za bia kwetu huuziwa asali, mafuta ya kupikia, hata mafuta ya taa. Kila chupa ngeni ninainusa kabla haijaingia ndani. Iliyowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya mifugo haioshekeki kwa usalama. Irudishe au itupe.

Chupa ngeni ninazitumbukiza kwenye beseni la magadi soda usiku kucha. Asubuhi karatasi zinabanduka zenyewe. Napitisha brashi ndefu ya chupa, nasuuza mara mbili, kisha naigeuza kila moja na kuitazama dhidi ya mwanga wa dirisha, jicho kwenye tako la chupa. Ukiona duara au doa lisilotoka, achana na chupa hiyo.

Ukishazimiliki, kazi inakuwa nyepesi. Ukimimina bia, suuza chupa pale pale mara tatu kwa kuitikisa na maji ya uvuguvugu, igeuze ikauke, ifunike mdomo kwa karatasi ndogo ya foili mende wasiingie. Siku ya kujaza hutaosha tena, utatakasa tu. Ukiiacha na funda la bia chini hadi kesho, umejirudisha kwenye beseni.

Kutakasa: chagua dawa moja, uijue vizuri

Dawa za asidi zisizohitaji kusuuzwa ndizo ninazotumia sasa. Inayojulikana zaidi ni Star San. Kipimo ni mililita 1.5 kwa lita moja, yaani 30 kwa lita 20. Pima kwa sirinji ya duka la dawa, isiyo na sindano, maana kukadiria kwa jicho kwenye kiasi kidogo hivi ni kukosea. Uso ubaki umelowa dakika mbili, mwaga, endelea na kazi. Litabaki povu. Liache, usilisuuze, halidhuru bia. Mchanganyiko ukikaa wazi na safi, na asidi yake ikiwa chini ya pH 3 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi, kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali), unautumia tena siku nyingi. Ukigeuka kuwa na ukungu kama maji ya mchele, changanya mpya. Maji ya visima vya pwani, yenye chumvi nyingi, huuharibu mapema, kwa hiyo tumia maji ya mvua yaliyochujwa au maji ya kunywa ya dukani. Mimi huwa na chupa ya kupulizia iliyojaa dawa hii, natembea nayo siku nzima ya kupika.

Kutosuuza kuna thamani kubwa kwetu kuliko kwa mtu wa Ulaya. Maji yetu mengi yamekaa kwenye tangi juu ya nyumba, juani, na tangi lenyewe linaoshwa mara moja kwa mwaka, kama linaoshwa. Ukitakasa ndoo kisha ukaisuuza kwa maji hayo, umerudisha ulichokitoa.

Iodofa, dawa ya kutakasa yenye iodini, ni chaguo la pili, na hupatikana kwenye maduka ya pembejeo za mifugo kwa sababu wafugaji hutakasia vyombo vya maziwa. Uliza ile ya vyombo hasa; ile ya kuchovyea chuchu za ng'ombe ina mafuta ya kulainisha ngozi, na ile ya vidonda ni kitu kingine. Unachotaka ni miligramu 12.5 za iodini kwa lita. Kama lebo inasema asilimia 1.75, hiyo ni mililita 14 kwa lita 20 za maji baridi. Dakika mbili, kisha acha vyombo vichuruzike hadi vikauke. Rangi yake ya chai nyepesi ikipotea, nguvu nayo imepotea. Hupaka plastiki rangi ya manjano, lakini ladha haiharibiki.

Jiki, yaani dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ipo kila duka, na kwa wengi ndiyo ya kuanzia. Inafanya kazi, ila inataka adabu. Chagua isiyo na manukato. Kwa ya asilimia 3.5, tia mililita 6 kwa lita ya maji baridi, loweka dakika 20, kisha suuza mara mbili kwa maji uliyochemsha na kuyapoza yakiwa yamefunikwa. Usiruke kusuuza. Klorini iliyobaki ikikutana na kimea hutoa ladha ya plasta ya kidonda, na unaihisi hata ikiwa kidogo sana. Usiiloweke stili humo kwa muda mrefu, itatoboka vidoa vya kutu. Na hili lishike kuliko yote: usichanganye jiki na siki, ndimu ya unga, Star San, asidi yoyote wala dawa ya usafi yenye amonia. Hutoka gesi ya sumu, na jiko dogo lililofungwa linatosha kukuua.

Moto hauna mabaki wala haudai lebo. Vitu vya chuma, mpira wa silikoni na koki ya plastiki ngumu chemsha dakika 10. Arusha, kwenye mita 1,400, maji huchemka yakiwa kama nyuzi 95, bado yanatosha. Lakini chupa za kioo zipashe taratibu zisipasuke, na chupa za plastiki za soda usizimiminie maji ya moto kabisa, zinajikunja.

Spiriti ya asilimia 70 naitumia kufuta pakiti ya hamira kwa nje, mkasi na meza. Asilimia 70 huua vizuri kuliko 95, kwa kuwa inahitaji maji kidogo ili kupenya. Spiriti ya kusafishia vidonda mara nyingi imetiwa vitu vya sumu ili isinywewe, kwa hiyo isiguse chochote kitakachogusa bia.

Siku ya kupika na siku ya kujaza

Mimi hutayarisha dawa wakati maji ya kimea yanachemka, zikibaki kama dakika 20. Ndoo naijaza lita 5 za dawa, nafunga mfuniko, natikisa pande zote, na mwisho naifungua koki dawa ipite hapo pia. Watu wengi hutakasa ndoo na kusahau tundu la koki. Vipande vidogo vyote vinalala kwenye bakuli la dawa, na vikitoka vinaingia moja kwa moja kwenye kazi. Kitu kilichowekwa mezani kimechafuka, hata kwa sekunde tano, kinarudi bakulini.

Bomba la shaba la kupozea litumbukize kwenye sufuria dakika 15 kabla ya kuzima moto, linatakaswa na maji yanayochemka. Kama unapoza kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji, funika sufuria, na hakikisha maji ya beseni hayarukii ndani. Zima feni. Funga dirisha la upande wa upepo, vumbi hubeba kila kitu. Ondoa ndizi mezani.

Usinyonye mpira kwa mdomo. Kinywa cha mtu kimejaa bakteria, laktobasilasi wakiwemo. Jaza mpira kwa dawa, bana ncha, tumbukiza upande mmoja kwenye bia, achia upande wa pili juu ya kikombe. Dawa itatangulia kutoka na kuivuta bia nyuma yake. Kwenye kizibo cha hewa tia dawa hiyo hiyo au pombe kali badala ya maji, kwa sababu usiku ukipoa, ndoo huvuta kidogo kilichomo ndani.

Vizibo vya chupa vilowe kwenye dawa wakati unajaza. Ukivichemsha, ule mpira laini wa ndani unaweza kuharibika.

Ikishaharibika

Dalili ni utando mweupe mkavu wenye mapovu juu ya bia, mkanda shingoni mwa chupa, uchachu, siagi, siki, au chupa inayofoka ikifunguliwa. Hamira iliyoelea juu ni ya rangi ya maziwa na ina uvimbeuvimbe, usiichanganye na utando. Ukiona kuvu wa kijani, mweusi au wa waridi, mwaga bila kuonja. Chupa zinazofoka zifunike kwa blanketi zito, vaa miwani na glavu, ziingize kwenye friji zipoe hadi kesho, ndipo uzifungue polepole na kuzimwaga. Usizitikise.

Baada ya hapo tupa mpira, mipira ya koki, koki yenyewe na ndoo yoyote yenye michubuko. Kioo na stili vinaokoleka: magadi soda au pakaboneti ya moto usiku kucha, suuza, ndimu ya unga, suuza vizuri, kisha dawa ya kutakasa. Mimi nilinunua koki mpya mbili, ili moja ikauke wakati nyingine inafanya kazi.

Kupima kazi yako

Usisubiri wiki tano kujua. Siku ya kupika, kabla ya kutia hamira, jaza nusu ya chupa ndogo ya kioo iliyotakaswa kwa maji ya kimea uliyoyapoza, ukiyachukua kupitia ile ile koki. Funika kwa foili bila kukaza, usifunge kwa kizibo. Iweke mahali pa joto, nyuzi 25 hadi 30, na uitazame asubuhi na jioni.

Ikianza kutoa mapovu au kuwa na ukungu ndani ya saa 24, kuna kitu hukukitoa. Anza kutafuta kwenye koki, kisha mpira. Ikifika siku ya pili, kazi ni ya wastani, angalia mfuniko na namna unavyopoza. Ikivuka siku tatu ikiwa tulivu, unaosha vizuri. Usiyanywe maji hayo. Kichupa changu cha kwanza, mwezi mmoja baada ya ile bia ya ndimu, kilitoa povu siku ya pili jioni. Nilichemsha koki, nikabadilisha mpira, nikapika tena. Cha mara hiyo kilikaa dirishani siku nne, nikisoma maandishi ya gazeti lililokuwa nyuma yake.